Jinsi ya Kushinda Mchezo Mrefu wa Sataranji Saa Inapokubana

Kila Jumamosi ninapowafundisha vijana sataranji hapa Kisumu, na kila ninaposafiri nao kwenda mashindanoni Nakuru, Kakamega au Eldoret, wanaoanza huniuliza maswali yale yale. Kwa nini nilikuwa na ngome zaidi na bado nikashindwa? Nitumie dakika ngapi kwa kila hatua? Nikibaki na dakika mbili, nifanye nini? Nimeona ni heri niyajibu mara moja kwa maandishi, kwa sababu chanzo chake ni kimoja: karibu kila mchezaji ninayemwona akizidiwa na saa mwishoni huwa ameupoteza mchezo huo saa mbili kabla, alipotumia dakika ishirini kuchagua kati ya hatua mbili zenye thamani sawa.

Mwongozo huu unamfaa mtu ambaye tayari anajua jinsi kete zinavyotembea na ameshacheza mashindano mawili matatu. Nimechukulia kwamba kila mchezaji ana dakika 90 kwa mchezo mzima, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua tangu hatua ya kwanza. Kwa masharti hayo, mchezo wa hatua 60 unaweza kuchukua saa nne kamili, na wa hatua 100 ukachukua saa nne na dakika 40. Huo ni muda mrefu wa kukaa kitini, na mwili unahitaji kuandaliwa kama akili. Ninapotaja askari, nina maana ya zile kete nane ndogo za mbele, ambazo wengine huziita vitunda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kalamu mbili zinazoandika vizuri. Kalamu moja ikikauka katika hatua ya 35, hutakuwa na muda wa kuomba nyingine.
- Maji ya kunywa, ndizi mbili na karanga kidogo.
- Sweta ikiwa unacheza Nakuru, ambako asubuhi huwa na baridi na vidole hukakamaa. Kisumu vaa nguo nyepesi, kwa kuwa ukumbi ukijaa watu saa nane mchana joto lake linachosha kuliko mpinzani.
- Saa ya mkononi ya kawaida uiache nyumbani au uulize kwanza kama inaruhusiwa. Simu izimwe kabisa na iwekwe mahali waamuzi walipoelekeza, kwa sababu mchezaji akikutwa na simu mwilini wakati wa mchezo anaweza kupoteza mchezo huo papo hapo.
- Mazoezi ya miisho mitatu, yaani hali za mwisho wa mchezo kete zikiwa zimebaki chache: malkia na mfalme dhidi ya mfalme, ngome na mfalme dhidi ya mfalme, na ngome na askari dhidi ya ngome. Bila hiyo, hatua zote zilizo hapa chini hazitakusaidia sana.

Hatua za kufuata

1. Soma masharti ya saa kabla ya raundi ya kwanza, na usiridhike na maneno ya jirani.

Muulize mwamuzi maswali matatu: je, kuna nyongeza? Inaanza hatua ya ngapi? Je, kuna dakika zinazoongezwa baada ya hatua ya 40? Tofauti hizi ni kubwa. Katika mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia huko Dubai mwaka 2021, kati ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi, nyongeza ya sekunde 30 ilianza hatua ya 61 tu. Wote wawili walifika karibu na hatua ya 40 wakiwa wamebanwa vibaya, na wote wawili wakaacha nafasi nzuri zikapita. Ikiwa mabingwa wanaumizwa na sharti hilo, wewe usikae mezani bila kulijua.

2. Kula mapema, na ule kidogo.

Ugali na samaki ni chakula kizuri cha jioni baada ya mashindano. Ukikila saa saba na raundi inaanza saa nane, utasinzia katika hatua ya 20, pale hasa unapohitaji macho. Kula angalau saa moja na nusu kabla, na mchezo ukiendelea kunywa maji kidogo kidogo.

3. Cheza ufunguzi unaoujua, hata kama unauona wa kawaida mno.

Lengo ni kumaliza hatua 15 za mwanzo ukiwa umetumia dakika zisizozidi 25. Usijaribu ufunguzi mpya uliouona jana usiku kwenye simu. Mpinzani akikutoa nje ya ulichokizoea, toa farasi na maaskofu, mweke mfalme mahali salama, na uendelee bila kuhangaika.

4. Weka vituo vya saa na uvikariri.

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kwa masharti niliyoyataja, jipangie hivi: ukimaliza hatua ya 15 uwe na dakika zisizopungua 72, ukimaliza ya 30 uwe na 40, ukimaliza ya 40 uwe na 20. Hesabu hii inakupa wastani wa zaidi ya dakika mbili na nusu kwa kila hatua ya katikati ya mchezo, na bado inakuachia akiba ya mwisho wa mchezo. Wakati wa mazoezi nyumbani, andika dakika zilizobaki kando ya kila hatua ya tano, kisha mchezo ukiisha utazame ni wapi zilikomea. Kwa kawaida utakuta hatua mbili au tatu zimekula nusu ya muda wako. Katika mashindano sheria inaruhusu kuandika muda wa saa kwenye karatasi ya hatua, lakini hairuhusu kuandika maelezo au mawazo ya kukusaidia, kwa hiyo hivyo vituo vitatu vikariri kichwani kabla ya kuingia ukumbini.

5. Jifunze kutambua hatua inayostahili dakika kumi.

Si kila hatua ina uzito sawa. Fikiri kwa muda mrefu pale tu unapofanya jambo lisiloweza kurudishwa: kubadilishana malkia, kusogeza askari walio mbele ya mfalme wako, kutoa kete kama kafara, au kuingia katika mwisho wa mchezo ambao askari ndio wataamua. Pengine pote, ukishaona hatua mbili nzuri na huoni tofauti kati yake baada ya dakika nne, cheza ile uliyoiona kwanza.

Nalisema hili kwa uchungu. Katika mashindano fulani hapa Kisumu, mvua ya alasiri ikipiga mabati hata hatusikiani, nilitumia dakika 26 katika hatua ya 22 nikijiuliza ni ngome ipi kati ya mbili niipeleke katikati. Zote zilifaa. Nilipofika hatua ya 38 nilikuwa na sekunde 9. Nikamshika farasi wa nyumba ya f3 (herufi ni ya safu wima, namba ni ya safu mlalo), nikampeleka e5, na nilipomwachia ndipo nikamwona askari mweusi wa d6 aliyekuwa pale muda wote, akingoja tu kumla. Dakika tatu kati ya zile 26 zingetosha kumwona.

6. Ukishuka chini ya dakika tano, badilisha namna ya kufikiri.

Acha kutafuta hatua bora na uanze kutafuta hatua salama. Kila mara mpinzani anapobonyeza saa, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu huu, bila kuruka: Je, amenipa cheki, yaani amemshambulia mfalme wangu, au anaweza kunipa cheki ya hatari? Je, kuna kete yangu anayoweza kuila bure? Je, hatua yake imeacha nini wazi? Kisha, kabla ya kugusa kete, tazama nyumba unayoipeleka na uhakikishe hakuna askari anayeilenga. Zoezi hili huchukua sekunde kama kumi ukilizoea. Wanaoanza hulifanya vizuri mara mbili, halafu wanaliacha kwa kuwa mpinzani anacheza haraka. Kasi yake isiwe yako.

Tahadhari: ukiigusa kete yako kwa kusudi, ni lazima uichezeshe ikiwa ina hatua halali. Kwa hiyo mikono ikae chini ya meza, au juu ya mapaja, mpaka uamuzi uwe umekamilika.

7. Jifunze kuishi kwa sekunde 30, na uweke akiba.

Nyongeza ni kama mshahara mdogo unaoingia kila siku. Ukitumia sekunde 10 kwa hatua moja, sekunde 20 zimebaki kwako. Ukifanya hivyo mara sita, umepata dakika mbili kamili za kufikiria jambo zito. Ikiwa nafasi yako ni imara na mpinzani hawezi kuishambulia, cheza hatua chache zisizobadilisha kitu, kwa mfano mfalme kutoka g1 hadi h1 na kurudi, ili saa ipumue.

Hesabu lakini. Nafasi ile ile ikitokea mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yule yule, mpinzani anaweza kudai sare, nawe ndiwe uliyekuwa unashinda. Irudie mara ya pili tu, kisha usogeze kitu kingine.

Kumbuka pia kwamba kwa nyongeza ya sekunde 30 unalazimika kuandika hatua zako mpaka mwisho wa mchezo, hata kama umebaki na sekunde tano. Ruhusa ya kuacha kuandika ukiwa chini ya dakika tano ni ya michezo isiyo na nyongeza kubwa kama hiyo. Cheza, bonyeza saa, kisha andika wakati saa ya mpinzani ndiyo inayotembea. Kuandika hatua kabla ya kuicheza ni kosa, isipokuwa unapodai sare.

8. Ukiwa mbele, punguza kete zinazoweza kukudhuru.

Mchezaji aliyebanwa na saa huangamizwa na malkia na farasi wa mpinzani kuliko kete nyingine yoyote, kwa sababu malkia hutoa cheki kutoka kila upande na farasi huruka mahali usipotazama. Ukipata nafasi ya kubadilishana malkia huku ukibaki na askari mmoja zaidi, ichukue, mradi mwisho unaoingia unaujua.

Mwisho unaotokea mara nyingi ni wa ngome na askari dhidi ya ngome, na kuna umbo moja ambalo unapaswa kulicheza usingizini. Weka ubaoni mfalme mweupe g8, askari mweupe g7, ngome nyeupe f1. Mfalme mweusi e7 na ngome nyeusi h2. Mfalme mweupe amemziba askari wake mwenyewe na hawezi kutoka. Mweupe anaanza kwa ngome e1, cheki. Mfalme mweusi akienda f6, mfalme mweupe anatoka f8 na askari anapanda cheo. Kwa hiyo anaenda d7. Sasa ngome nyeupe inapanda e4, na hii ndiyo hatua ambayo wengi hawaijui. Ngome nyeusi inasubiri h1. Mfalme mweupe anatoka f7, anapewa cheki f1. Anakwenda g6, cheki g1. Anarudi f6, cheki f1. Anashuka g5, cheki g1. Hapo ngome nyeupe inahama kutoka e4 hadi g4, inamkinga mfalme, na cheki zimekwisha. Wachezaji huliita daraja. Lifanyie mazoezi mara ishirini na saa ikiwa na sekunde kumi kwa kila hatua, na siku litakapokujia ukumbini mkono utakwenda wenyewe.

Ngome na mfalme dhidi ya mfalme mtupu humalizika kwa hatua zisizozidi 16 ukicheza bila kosa, na malkia kwa hatua zisizozidi 10. Hata ukikosea mara kadhaa, bado uko mbali na kikomo cha hatua 50.

9. Maliza kwa mkono safi.

Michezo mingi iliyokwisha kushindwa hufufuka hapa. Tumia mkono mmoja kusogeza kete, na mkono huo huo ubonyeze saa. Kutumia mikono miwili katika hatua moja, kwa mfano mmoja unaondoa kete iliyoliwa na mwingine unaweka yako, kisha ukabonyeza saa, huadhibiwa kama hatua isiyo halali. Katika mchezo mrefu, hatua isiyo halali ya kwanza humwongezea mpinzani dakika mbili; ya pili hukugharimu mchezo. Ukiangusha kete, zirudishe mahali pake saa yako ikitembea, ndipo ubonyeze.

Askari wako akikaribia safu ya mwisho, tafuta malkia wa ziada na umweke karibu nawe kabla hajafika. Asipokuwepo, una haki ya kusimamisha saa na kumwita mwamuzi akuletee. Nilimtazama msichana wa kidato cha pili akifikisha askari wake kwa sekunde 14. Hakuona malkia mezani, akachukua ngome iliyoliwa, akaisimamisha kichwa chini miguu juu na kubonyeza saa. Mtaani hiyo ni malkia. Mwamuzi akaamua kuwa ni ngome, na alikuwa sahihi. Mchezo uliobakisha hatua tatu ukaenda hatua nyingine arobaini na kuishia sare.

Makosa ninayoyaona kila mwezi

Kosa la kwanza ni kuitazama saa ya mpinzani badala ya ubao. Mpinzani akiwa na sekunde 20 nawe una dakika 12, wengi huanza kucheza haraka ili kumchanganya, na kwa kufanya hivyo wanamnyima mpinzani nafasi ya kukosea peke yake. Tumia dakika zako. Zilete hatua ngumu mezani, moja baada ya nyingine, kila moja ikimtaka aamue jambo.

La pili ni kukubali sare kwa woga. Mpinzani akikupa sare ukiwa mbele, saa yako ndiyo inayotembea. Tazama nafasi kwa sekunde kumi, na kama huoni hatari yoyote, cheza hatua yako. Kucheza hatua ni kukataa, na huna haja ya kusema lolote.

La tatu ni kukata tamaa mapema. Carlsen alishinda mchezo ule wa Dubai katika hatua ya 136, baada ya saa saba na dakika 45, akiwa na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia. Mwisho ule, ukiuchunguza kwa utulivu, ulikuwa wa sare kwa muda mrefu sana. Aliushinda kwa kuendelea kuuliza maswali mpaka mtu wa pili akachoka kujibu.

Mambo yakienda kombo

Bendera yangu imeanguka, yaani muda wangu umekwisha, lakini mpinzani amebaki na mfalme peke yake. Hiyo ni sare, kwa kuwa hana namna yoyote ya kukupa chekimeti. Usiondoke mezani ukidhani umeshindwa, wala usikunje karatasi. Mwite mwamuzi aione nafasi.

Mpinzani anazungusha kete tu na hataki kuisha. Hesabu hatua kutoka pale askari aliposogea au kete ilipoliwa mara ya mwisho. Zikifika 50 kwa kila upande, unaweza kudai sare, na zikifika 75 mwamuzi husimamisha mchezo mwenyewe. Mchezo wa mashindano wenye hatua nyingi kuliko yote unaotajwa, wa Nikolić na Arsović mjini Belgrade mwaka 1989, ulifika hatua 269 na kuishia sare kwa sababu wakati huo kikomo cha ngome na askofu dhidi ya ngome kilikuwa hatua 100. Leo kikomo hicho ni 50 kama kwingine.

Nafasi imetokea mara tatu na ninataka kudai sare. Ikiwa ni hatua yako itakayoileta mara ya tatu, usiicheze. Iandike kwenye karatasi, simamisha saa, na umweleze mwamuzi. Ukiicheza na kubonyeza saa, haki ya kudai kwa zamu hiyo imepita.

Saa haikuongeza sekunde, au umeme umekatika na ukumbi umekuwa giza. Simamisha saa, inua mkono, na umsubiri mwamuzi. Usibishane na mpinzani, na usijaribu kurekebisha saa mwenyewe.

Mikono inatetemeka na sioni kitu. Ikiwa una zaidi ya dakika moja, tumia sekunde 15 kati yake kuondoa macho ubaoni. Tazama dirishani, vuta pumzi mara tatu, kunywa maji, kisha rudi na maswali yale matatu ya hatua ya sita ya mwongozo huu. Sekunde hizo hurudi zenyewe katika hatua inayofuata.

Nimemaliza mchezo wa saa nne na nusu, na raundi inayofuata inaanza baada ya dakika 40. Sainini karatasi na mpinzani wako, hakikisheni matokeo yameandikwa sawa, kisha toka nje ya ukumbi. Usianze kuuchambua mchezo pale mlangoni na marafiki. Kula ndizi iliyobaki, tembea kidogo kivulini, na ukirudi anza tena na hatua ya nne ya mwongozo huu, ukikariri 72, 40 na 20.